Msalaba wa Baba Mdogo na Draiva ya Sauti

Jamani, leo nimeumbuka. Siyo baa, siyo kazini. Nimeumbukia kaburini, mbele ya mchungaji, kwaya na ukoo mzima.

Nawasimulia mwenyewe kabla hamjasikia kwa watu wa Mkonze, maana wao wataongeza chumvi. (Wala haihitaji chumvi.)

Leo tulikuwa tunaweka msalaba kwenye kaburi la baba mdogo Lameck, mdogo wake baba yangu. Waliomjua wanaijua ile sauti. Besi ya kwaya! Akisema "Amina" kanisani, watoto waliolala wanaamka wakilia. Alifariki mwaka jana baada ya kuugua sana. Kwetu mkishazika, msalaba wa kudumu unakuja baadaye, machozi yakishapungua. Ndugu mnakusanyika tena, ibada inafanyika, watu wanakula, ndipo mnaagana na marehemu kabisa.

Mkewe, mama mdogo Debora, haoni tangu utotoni. Walikutana Buigiri, kwenye shule ya wasioona, yeye akiwa msichana anasoma kule, baba mdogo akiwa amekwenda na kwaya kuimba. Mama mwenyewe anasema aliipenda sauti kwanza, mtu akaja kumpenda baadaye. Hawakujaliwa watoto. Maisha yao yote baba mdogo alikuwa anamsimulia kila kinachopita mbele yao: nani kaja, kavaa nini, mawingu yamekaa upande gani, kuku gani kaingia jikoni.

Sasa, baba mdogo alipoona hali imekuwa mbaya, aliniita. "Elisha, njoo na hiyo laptop yako. Nina maneno ya mama yako mdogo." Nikaenda, nikaiweka kitandani karibu na mdomo wake, nikabonyeza kurekodi. Akasema, "Haya, toka nje ufunge mlango." Nikatoka. Aliponiita tena aliniambia, "Hayo ni ya siku ya msalaba. Siyo kabla. Na wewe usisikilize, yana mwenyewe."

Sikusikiliza. Naapa. Mama mdogo alijua yapo, na mwaka mzima hakuwahi kuniuliza yanasema nini. Kila nikienda kumsalimia, nikishasema shikamoo, aliniuliza neno moja tu: "Bado ipo?"

"Ipo, mama."

"Haya."

Kwenye kikao cha ndugu cha kupanga siku ya msalaba wakasema wachapishe picha kubwa ya marehemu isimame pale mbele. Mama mdogo akawasikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Picha nitaifanyia nini mimi? Nileteeni sauti." Macho yote yakanigeukia mimi, maana kwenye ukoo wetu mimi ndiye mtu wa kompyuta. (Cheo hicho nilikipata siku nilipoitengeneza printa ya mjomba kwa kuichomeka kwenye umeme. Tangu hapo nimekuwa mhandisi.)

Basi. Asubuhi ya leo, nyumbani kwangu Nkuhungu, nimeshavaa suti, nafungua laptop nihakikishe faili lipo. Lipo. Nikalijaribu nusu sekunde tu, nikasikia baba mdogo anavuta pumzi, nikalizima haraka kwa heshima. Sauti safi kabisa. Mtu mwenye akili hapo angefunga laptop akaenda kupanda bajaji.

Pembeni pakatokea kitangazo, chekundu: draiva zako zimepitwa na wakati, kifaa chako kiko hatarini, bonyeza hapa uziboreshe zote bure.

Kwa wasiojua, draiva ni kiprogramu kinachokaa katikati ya kompyuta na vifaa vyake. Kompyuta na spika hawaongei ana kwa ana. Lazima pawepo mshenga, na mshenga huyo ndiye draiva. Sasa mimi nikaambiwa mshenga wangu amezeeka. Siku kama ya leo! Nikaona, hapana, baba mdogo hawezi kusemewa na mshenga aliyechoka.

Mke wangu Mariamu, Mrangi wa Kondoa, mtu wa maneno machache, akapita na mkoba begani. "Unafanya nini tena?"

"Naapdeti draiva."

"Ilikuwa haitoi sauti?"

"Inatoa, ila inaweza ikatoa vizuri zaidi."

Akanitazama. "Kitu kizima unakichokonoa cha nini, baba Zawadi?"

Nikamwambia mambo haya ni ya kitaalamu. (Jamani. Nilisema hivyo kwa mdomo wangu huu huu.)

Bando likaliwa, mistari ikakimbia, draiva ya sauti ikaondolewa, mpya ikashuka. Mwisho pakaandikwa: zima na uwashe ili kukamilisha. Sasa? Baadaye? Bajaji inapiga honi nje, Mariamu anaita. Nikabonyeza baadaye. Kwa hiyo mshenga wa zamani nimeshamfukuza, mpya bado yuko mlangoni anasubiri kukaribishwa, na mimi nimefunga laptop naenda zangu Mkonze nikiwa na amani ya moyo.

Tukafika. Upepo wa Dodoma mnaujua, turubai linapepea utadhani litaondoka na watu, vumbi kwenye pilau, vumbi kwenye kola za wazee. Kaburi liko nyuma ya nyumba yao, upande wa shamba la zabibu. Mama mdogo alikuwa ameshakaa kiti cha mbele, kanga mpya, mikono juu ya mapaja.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Elisha, ipo?"

"Ipo, mama. Tena leo utamsikia kama yupo hapa hapa. Nimeiboresha."

Akatabasamu. Tangu mazishi sikuwa nimemwona akitabasamu vile, na nikajisikia mtoto mzuri sana.

Ibada ikaenda. Msalaba ukasimamishwa, mchungaji akaombea, wanawake wakaweka maua. Kisha mchungaji akashika maiki: "Sasa, wapendwa, tunatulia. Marehemu aliacha maneno yake kwa mjane wake. Ndugu Elisha, karibu."

Nikaenda. Kifua mbele. Nikachomeka waya wa mziki kwenye laptop, nikajikohoza, nikasema, "Naomba utulivu." (Walikuwa wametulia. Mimi ndiye niliyekuwa napiga kelele.) Nikabonyeza.

Kimya.

Nikabonyeza tena. Kimya. Kwenye kioo mstari unatembea vizuri, sekunde zinahesabika, baba mdogo anaongea mle ndani na hakuna anayemsikia. Nikapandisha sauti mpaka mwisho. Nikamgeukia fundi wa mziki, Daudi, nikafanya kosa la pili la leo. Nikasema kwa sauti ya watu wote kusikia: "Waya wako mbovu huu!"

Daudi akainuka polepole. "Kaka, waya huu umetoka harusini jana."

"Ndiyo umechoka sasa!"

Akauchomoa kwenye laptop yangu, akauchomeka kwenye simu yake. Jamani! Spika zote nne: "BIBI HARUSI HUYOOO! MPISHE! MPISHEEE!" Ngoma zinadunda hadi msalaba mpya unatetemeka kwenye simenti mbichi. Shangazi mmoja alianza kusogeza bega kabla hajajikumbuka. Daudi akazima, akanirudishia waya kwa mikono miwili, kwa adabu zote.

"Mzima," akasema.

Hapo akasimama Mzee Kikoti. Mzee Kikoti ni Mhehe, jirani yao wa miaka mingi, na ni mtani wetu. Mtani kwenye msiba hana mipaka, mnajua. Siku ya mazishi alijilaza ndani ya kaburi akasema hatoki mpaka Lameck aombe radhi kwa kumpita kwenye sauti. Leo akapaza: "Wagogo bwana! Hata mkifa mnabana matumizi! Mtu ameacha maneno, maneno yenyewe hayataki kutoka!"

Watu wakacheka kidogo. Mimi jasho. Ndipo nikakumbuka lile neno nililobonyeza asubuhi: baadaye. Nikamwambia mchungaji kwa kunong'ona, "Naomba niizime niiwashe." Mchungaji akatangaza, "Ndugu yetu anaizima na kuiwasha. Kwaya, tuimbieni."

Wakaimba. Laptop ikazima, ikawaka, ikaandika usizime kompyuta yako, kazi inaendelea. Kwaya ikamaliza wimbo. Kazi inaendelea. Kwaya ikaanza wimbo mwingine, wa beti nyingi. Kazi inaendelea. Mwalimu wa kwaya alikuwa ananiangalia kila akipokea kiitikio. Safu ya besi ilikuwa na pengo, pale alipokuwa anasimama baba mdogo, hawajamweka mtu, na nikiwa pale na laptop yangu inayozunguka kiduara ndipo nikalisikia lile pengo vizuri. Nikaanza kuogopa kweli. Nikawaza, kama faili nalo limekwenda na draiva? Nilimwambia ipo. Mwaka mzima nilimwambia ipo.

Ikawaka. Faili lipo. Alama ya spika ipo. Nikamwonyesha mchungaji kidole gumba, naye akainyamazisha kwaya. Mama mdogo akasogea mbele ya kiti, akainamisha kichwa upande, sikio kwenye spika. Nikabonyeza.

Ikatoka sauti. Sauti gani sasa! Nyembamba, ya haraka haraka, ya mtoto aliyebanwa pua. Besi ya Mkonze nzima, mtu aliyekuwa anatikisa vioo vya kanisa, ametoka kwenye spika nne analia kama kifaranga: "Ndebonda mbwikwa mamiii..."

Kulikuwa na sekunde moja ya heshima. Halafu mtu mmoja nyuma akapasuka. Kisha safu nzima. Wanakwaya wakafunika nyuso kwa vitabu vya nyimbo, mabega yanaruka. Mchungaji aligeukia msalaba akajifanya anausoma. Na Mzee Kikoti, mikono juu: "Niliwaambia! Mbinguni besi zimejaa! Wamempeleka safu ya watoto!"

Hapo turubai zima likaangua kicheko. Nami, Mungu anisamehe, nikacheka. Draiva ile mpya haikuwa ya laptop yangu. Ilikuwa inakimbiza sauti mbio kuliko mwenye sauti.

Mama mdogo hakucheka. Alikuwa bado ameinamisha kichwa vile vile. Akanyoosha mkono hewani, watu wakamwona, kicheko kikaanza kufa kuanzia mbele kwenda nyuma.

"Elisha," akasema. "Huyo nani?"

Nikazima. "Ni baba mdogo, mama."

"Huyo siyo."

"Ni yeye, mama, ni mitambo tu imemharibu..."

"Mimi namjua. Huyo siyo." Akaushusha mkono. "Uliniambia ipo."

Jamani, nimeshaaibika sana maishani. Nimewahi kuchana suruali kwenye usaili wa kazi. Lakini kuambiwa neno lile na mwanamke aliyesubiri mwaka mzima bila kuuliza swali la pili, hapana. Mzee Kikoti alivua kofia akakaa. Mimi nilibaki nimesimama na vidole juu ya laptop, sijui nibonyeze wapi, macho yananiuma, siyo kwa vumbi.

Mariamu akanijia. Akafungua mkoba, akatoa waya wa chaji, akanong'ona, "Si uihamishie kwenye simu?"

Simu. Ilikuwa mfukoni mwangu tangu asubuhi, nzima, haijaapdetiwa. (Angekuwa mwanamke mwingine angesema nilikuambia. Mariamu hakusema. Ningeomba aseme, ningepata nafuu.)

Nikachomeka, nikahamisha, Daudi akanishikia waya. Tena ndiye aliyeleta maiki, maana waya wake wa mziki haukuingia kwenye simu yangu, akainyoosha mbele ya simu, akaishikilia pale muda wote. Nikasema, "Mama, naomba unisamehe, tusikilize tena." Nikabonyeza.

Pumzi. Kitanda kikalia kidogo. Halafu ikaja, nzito, imechoka, lakini ya kwake.

"Debora. Mbukwa, mama."

Hiyo ndiyo salamu yetu ya Kigogo. Mama mdogo akashika kifua kwa mikono yote miwili na akaitikia, kwa sauti ya kawaida kabisa, ya mtu anayemjibu mumewe aliyeingia kutoka shambani: "Mbukwa."

Wanawake wakaanza kulia pale pale.

"Ni mimi. Usisimame kunitafuta, kaa tu. Najua leo watu wamejaa na wote wanakuangalia wewe. Nilizoea kukusimulia, sasa sina cha kusimulia, maana ninakokwenda sijafika bado. Wewe nisimulie mimi. Ukiwa peke yako jioni, nisimulie." Akakohoa, kirefu. "Kitu kingine. Nina dhambi. Hili bati nilikuambia nimelipaka rangi ya bluu. Sikupaka. Ni kutu tupu."

Watu wote wakainua macho juu ya nyumba. Ni kutu tupu kweli. Mtu akacheka huku analia, na mama mdogo mwenyewe akatoa kasauti, "Eee, Lameck!"

"Na yule jogoo niliyekuwa nakusifia, alikuwa na jicho moja. Nilikuongezea mengi, Debora, ili siku zako ziwe nzuri. Lakini nilipokusimulia wewe mwenyewe, ulivyo, pale sikuongeza hata kidogo. Ulivyokuwa Buigiri na ulivyo leo. Hilo ndilo nililotaka ulijue siku ya leo, mbele ya watu."

Mchungaji alikuwa analia waziwazi, kitambaa hana, anajifuta kwa mkono wa joho. Nikadhani imekwisha. Nikasogeza kidole nizime. Kumbe bado.

"Na huyu Elisha niliyemfukuza nje hapa. Anavyopenda kuchokonoa vitu vizima, leo lazima ameharibu kitu. Msimgombeze. Ndiye mtoto tuliyepewa."

Jamani! Marehemu! Kutoka kaburini! Turubai zima likanigeukia, nusu wanalia nusu wanacheka, Mzee Kikoti anapiga magoti yake kwa viganja akisema, "Lameck, umeona! Umeona!" Nami nikafanya kitu ambacho mwanamume wa suti hafanyi. Nilikaa chini kwenye vumbi, nikalia kwa sauti mpaka Mariamu akaja kunishika.

Mama mdogo akaniita. Nikaenda kwa magoti. Akanipapasa uso kama anavyofanya siku zote, akakuta maji. "Ndiye huyo," akasema. "Sasa ndiye Lameck. Rudisha, nisikie tena." Nikarudisha. Watu wakaenda kula, pilau na vumbi lake, yeye akabaki kwenye kiti kile kile, nami nikarudisha tena. Kila ikifika kwenye salamu, anaitikia. Sijui mliowahi kufiwa mtanielewa. Hakuruka hata mara moja.

Jioni nikamwambia, mama, tunaondoka, nitakuja na simu hii Jumapili. Hakusema niiache, ila aliishikilia kwa vidole vyote. Nikaiweka ijirudie yenyewe ikimaliza, nikaichomeka chaji karibu na kitanda upande aliokuwa analala baba mdogo, tukaondoka. Tulipofika getini tuliisikia bado, na yeye akiwa anamsimulia: nani alikuja, nani hakuja, pilau ilikuwaje.

Kwa hiyo nawaandikia kwa laptop hii hii, isiyo na draiva ya maana, nyumbani kimya. Chekeni mnavyotaka, nimestahili. Ila nawaomba kitu kimoja, usiku wa leo msinipigie simu. Iko Mkonze, na mkipiga mtamkatiza baba mdogo katikati ya neno.